Mmoja kwa Wawili

Mgeni alipewa kiti chenye mto, na Mwanaasha akajua hapo hapo kwamba jambo lililomleta si dogo. Kiti hicho Mwinjuma, mumewe, alikuwa akimpa mama mkwe peke yake, tena akija sikukuu. Leo alikipangusa kwa kiganja, akakisogeza karibu na dirisha, akasema, "Karibu sana Patrick, hapa ni kwako." Kisha akamgeukia mkewe na kumwomba akawatazamie chakula, kwa sauti ya mtu anayetaka mwenzake aondoke.

Mwanaasha alimfahamu Patrick. Alikuwa meneja wa Mnara, timu za mpira wa kikapu za kampuni moja ya mizigo ya Dar es Salaam, ya wanaume na ya wanawake. Mara ya mwisho walipoonana, Mwanaasha alikuwa na jezi ya Kamba, timu ya kiwanda cha kamba cha Morogoro ambayo Mwinjuma alikuwa kocha wake, na aliwafunga wanawake wa Mnara kwao mpaka mashabiki wao wakaanza kumshangilia yeye. Patrick alikaa siku hiyo amejishika kichwa. Leo alikuwa amevaa shati lililonyooshwa vizuri, ameshika kilo mbili za sukari kwenye mfuko.

Jiko lilikuwa kibarazani nyuma ya nyumba. Nyumba za kiwanda pale Mafiga zilijengwa kwa haraka na kuta zake hazikuficha neno. Mwanaasha alikuwa anakuna nazi. Alisikia wakicheka, akasikia wakizungumzia mvua, halafu sauti zikashuka. Akaacha kukuna.

"Collins ni mrefu kama mlango," Patrick alikuwa anasema. "Ukimweka chini ya kikapu hakuna mpira utakaompita. Na yule mchezeshaji wetu wa pili pia nitakupa. Umeniomba wawili, nakupa wawili."

"Waje kabla usajili haujafungwa," Mwinjuma alijibu.

"Wawili hao kwa Mwanaasha. Tumemaliza?"

"Tumemaliza."

Mwanaasha alibaki na mbuzi ya nazi katikati ya magoti. Kwa muda hakujua la kufanya, kwa hiyo alifanya lililokuwa mbele yake. Alimalizia tui, akaunga maharage, akapakua wali, akavibeba ndani. Halafu akachukua jagi na beseni, akapiga goti mbele ya mgeni kumnawisha, kama alivyolelewa.

"Shemeji Patrick," alisema huku akimimina maji, "na mimi ninapewa nini?"

Patrick akaduwaa. "Samahani?"

"Nimesikia Kamba inapewa Collins na mwenzake. Mnara inanipata mimi. Ndiyo nauliza, mimi mwenyewe ninapewa nini?"

Maji yaliendelea kumiminika. Yalijaza viganja vya mgeni, yakafurika, yakamloanisha suruali. Patrick hakuthubutu kuondoa mikono. Alimtazama mwenyeji wake kama mtu aliyelipia shamba halafu akamkuta mwenye shamba analima.

"Baba Mosi," alisema taratibu, "mimi nilidhani mmeshazungumza."

"Mama Mosi, tutaongea baadaye," Mwinjuma alisema. "Mpe mgeni taulo."

*

Mgeni hakula sana. Alipoondoka, Mosi, binti yao wa miaka sita, alipelekwa kwa jirani akacheze. Mwanaasha akabaki amesimama mlangoni na sufuria mkononi.

"Wamekutaka wao," Mwinjuma alianza. "Tangu ile mechi ya Dar, Patrick halali. Mimi ningefanyaje?"

"Walisema lini?"

Mwinjuma alijikuna shingo. "Yapata wiki mbili."

Wiki mbili walikuwa wamelala kitanda kimoja, wamekula sahani moja, wamekwenda mazoezini kwa njia moja. Mwanaasha alizipitisha akilini zile wiki mbili siku baada ya siku, akitafuta mahali ambapo mumewe angeweza kufungua mdomo. Palikuwa pengi.

Kiwanda kilikuwa cha umma mpaka juzijuzi. Enzi hizo, aliyejua kudaka mpira aliandikwa kazi, akapewa nyumba, akaruhusiwa kutoka zamu mapema kwenda uwanjani. Mwinjuma aliandikwa karani wa stoo kwa sababu ya mpira, Mwanaasha akaandikwa kwenye mashine za kusokota kwa sababu ya mpira, wakaoana kwa sababu hiyo hiyo. Halafu serikali ikauza. Aliyenunua, pamoja na wenzake, alikuwa Shiraz, mtoto wa mjini hapo hapo, ambaye baba yake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Nusu ya wafanyakazi walipunguzwa. Madukani zikajaa kamba za plastiki kutoka nje, nyepesi na za rangi, na watu wakaacha kuuliza kamba ya katani. Timu ilisalimika kwa sababu moja tu: Shiraz aliupenda mpira wa kikapu tangu yuko shule. Lakini hata mapenzi aliyawekea masharti. Wanaume wa Kamba waingie mbili bora za kanda msimu huu. Wasipoingia, timu inakufa, na waliopewa kazi kwa ajili ya mpira wanakwenda nayo.

"Bila senta wa kusimama chini ya kikapu hatuingii hata nne bora," Mwinjuma alisema. "Unamjua Salimu, goti lake limekwisha. Timu zote zimejiimarisha, zimesajili, sisi tuko na watu wale wale wa miaka ile. Ni kaya kumi na mbili hizo, Mama Mosi. Na yetu imo."

"Na wanawake?"

Mwinjuma akaitazama mikono yake.

"Timu ya wanawake inafungwa mwisho wa mwezi," alisema. "Shiraz amekwishaamua. Atawatangazia."

Mwanaasha aliiweka sufuria chini polepole, kama vile ingepasuka. "Na hilo pia ulikuwa unalijua."

"Ndiyo maana nikakutafu... ndiyo maana nikakubali. Ukibaki hapa unapunguzwa pamoja na wenzako. Kule una kazi, una chumba. Nimewafikiria watu wote katika jambo hili."

"Wote," Mwanaasha alisema, akaenda kumfuata mtoto.

*

Asubuhi yake kiwandani habari zilikuwa zimemtangulia. Alipopita kwenye ukumbi wa mashine, mafundi wawili waliokuwa wakipaka grisi walisimama wima kama askari, mmoja akampigia saluti. "Mpisheni mtu wawili!" alisema, na mwenzake akacheka mpaka akaegemea mashine. Mwanaasha alivaa kitambaa chake cha vumbi, akawasha mashine, nyuzi za katani zikaanza kukimbia. Kelele za mashine zilimstiri. Ndani ya kelele hizo mtu angeweza kulia na hakuna ambaye angejua, lakini machozi hayakumjia. Kilichomjia ni joto la masikio.

Kristina, rafiki yake na mchezeshaji wa timu ya wanawake, alimfuata bombani wakati wa mapumziko. Alikuwa binti mfupi, mwepesi, mwenye maneno ya haraka kama pasi zake.

"Ni kweli tunafungwa?"

"Nani kakuambia?"

"Mwanaasha, nimekuuliza wewe."

"Ni kweli. Mwisho wa mwezi."

Kristina alinywa maji kwa kiganja, akajipangusa mdomo. "Wewe umepata pa kwenda. Sikulaumu," alisema, na kwa namna alivyosema Mwanaasha akajua kwamba analaumiwa.

Jioni alikuja Fatuma, mke wa Salimu nahodha, na sahani ya vitumbua imefunikwa kwa kawa. Waliishi nyumba tatu kutoka pale lakini Fatuma hakuwa na kawaida ya kuja. Alikaa ukingoni mwa mkeka.

"Dada, sikuja kukuingilia."

"Karibu, sema tu."

"Huyo mrefu akija, mume wangu atakaa benchi. Tunajua. Jana kaniambia mwenyewe, yuko radhi. Maana mtu wa benchi bado ni mtu wa kazi. Ila timu ikifa..." Fatuma akaisogeza sahani mbele. "Watoto watano, dada. Na ile nyumba ni ya kiwanda. Wake wote wa wachezaji wamenituma, wanaogopa kuja. Saini, tafadhali."

Mwanaasha hakujua amjibu nini mtu aliyekuja na vitumbua kuomba mumewe akalishwe benchi. Alimshukuru. Alipoondoka, Mosi akala vitumbua vinne, na Mwanaasha hakugusa hata kimoja.

*

Aliomba kuonana na Shiraz. Karani wa ofisini alimwambia akae kwenye benchi la nje, akakaa, akaona wateja wanaingia na kutoka, mpaka karani yule akafunga madirisha na kumwambia, kana kwamba anamkumbusha jambo analolijua, kwamba bosi ametoka zamani kwa mlango wa nyuma. Yuko uwanjani.

Kweli alikuwa uwanjani, peke yake, amekunja mikono ya shati na kuvua viatu, anarusha mpira kikapuni akiwa na soksi. Nyuma ya ubao wa kikapu Milima ya Uluguru ilikuwa imevaa mawingu mpaka kiunoni.

"Mwanaasha! Simama hapo chini, nirudishie mipira," alisema.

Alikuwa amekuja kuuliza mambo ya maisha yake, na sasa anaokota mipira. Aliokota. Shiraz alirusha mitano, akaingiza miwili.

"Bosi, nina swali."

"Uliza."

"Patrick alipokuja kunitaka, alianzia kwako au kwa kocha?"

Shiraz akasimama na mpira. "Patrick? Patrick hakuanza popote. Mimi nilimwambia kocha sina pesa ya kununua mtu, kama anataka senta atafute cha kubadilishana. Akaniambia anacho kimoja." Akarusha, ukagonga chuma. "Akapiga simu Dar kwa simu ya ofisini kwangu. Nikajua mmekubaliana. Mke na mume."

Mpira ulidunda ukaenda mpaka kwenye majani. Mwanaasha hakuufuata.

*Anacho kimoja.* Alilirudia neno hilo kimya. Kwa hiyo hakuna aliyemtaka kwanza. Alichukuliwa kutoka nyumbani, kama mtu atoavyo cherehani kwenda nayo sokoni, akanadiwa.

"Swali la pili," alisema, na sauti yake ilitoka nyembamba. "Mwisho wa mwezi timu yetu ikishafungwa, mimi nitakuwa mchezaji wa nani?"

Shiraz alimtazama kwa makini, kama anamwona kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Wako mwenyewe. Timu haipo, hakuna wa kukuruhusu wala wa kukuzuia. Mnara wanaweza kukuchukua, wengine wanaweza kukuchukua, na Kamba haipati kitu." Akainama kuvaa viatu. "Ndiyo maana kocha ana haraka. Nami sitaki asiharakishe, nikwambie ukweli. Nataka senta."

*

Jumamosi alimchukua Mosi wakaenda Bigwa kwa mama yake. Bi Mwajuma alikuwa anapura maharage mbele ya nyumba, chini ya mlima, mahali ambapo maji ya kijito husikika mchana kutwa. Mwanaasha alimwamkia, akavua viatu, akachukua fimbo ya pili. Wakawa wanapiga kwa zamu, na kati ya pigo na pigo akamweleza yote. Mama alisikiliza bila kumkatiza.

Walikuwa wanapepeta Mwinjuma alipotokea kwenye njia, jasho limemlowesha mgongo. Alikuwa amekuja kwa miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa."

Hakukaa. "Mama Mosi, Patrick anakuja keshokutwa kusaini. Nimekuja tuongee."

"Nani aliyelitaja jina langu kwanza?" Mwanaasha aliuliza.

Mwinjuma alimtazama mama mkwe, akatazama ungo, akatazama mlima. Mwanaasha alizijua zile dalili. Alikuwa hivyo hivyo benchini, timu ikizidiwa na yeye hana wa kumwingiza.

"Mimi," alisema mwishowe.

"Ulisema wao."

"Nilisema uongo. Ni mimi." Akashusha pumzi. "Nilikaa nikampitia mtu mmoja mmoja katika timu zote mbili. Nikajiuliza, nani hapa ambaye mtu mwingine atamtaka? Wote nimewafundisha mimi, na hakuna hata mmoja ambaye Patrick angeacha chai yake akapokee simu kwa ajili yake. Hakuna. Ulikuwapo wewe tu."

Mwanaasha alisimamisha ungo. Miaka yote mumewe alimfundisha kama alivyowafundisha wengine, kwa ukali zaidi hata, watu wasije wakasema anapendelea. Akifunga, aliambiwa angefunga mapema. Hakuwahi kusikia kutoka kinywani mwake kwamba yeye ndiye bora kuliko wote. Sasa amelisikia, na limekuja kwa njia hii. Alitamani kulishika neno lile na alitamani kulitupa, na mikono haikujua ifanye lipi.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungekataa."

"Umejuaje?"

Bi Mwajuma akaweka ungo wake chini. Hakupandisha sauti.

"Mwinjuma, ulipotaka kumwoa mwanangu ulikuja hapa na wazee wako, mkasimama pale pale uliposimama. Mlikaribishwa, mkauliza, naye akaitwa ndani akaulizwa kama anataka, mjomba wake anasikia. Kumwoa uliuliza. Kumhamisha hukuuliza. Nataka kujua tu, kati ya pale na hapa, aligeuka kuwa nini?"

Kuku walikuwa wameanza kuzinyemelea punje. Mwinjuma aliwafukuza kwa mguu, bila nguvu, kama mtu anayetafuta kazi ya kufanya.

"Usisaini, basi," alimwambia mkewe. "Ngoja mwisho wa mwezi. Utakuwa huru, utakwenda timu unayoitaka. Nimeshajua Shiraz kakuambia. Ni haki yako, sitakuzuia." Akamuaga mama mkwe, akashuka njia aliyopandia. Mosi alimkimbilia, akamshika mkono mpaka kwenye kijito, kisha akarudi peke yake.

"Utafanyaje?" mama aliuliza.

"Nikingoja, nitakuwa nimempiga kofi yeye," Mwanaasha alisema, "lakini watakaoanguka ni kina Fatuma."

Mama hakumsaidia kuamua. Aliuokota ungo wake, wakaendelea kupepeta.

*

Jumatatu, ofisini kwa Shiraz, viti vilikuwa vinne: cha Shiraz, cha Patrick, cha Mwinjuma, na kimoja cha Mwanaasha karibu na mlango. Mwanaasha aliingia na Kristina. Hakuna aliyemtarajia Kristina na hapakuwa na pa kumweka. Akasimama ukutani, na sare yake ina nyuzi za katani mabegani, mpaka Shiraz mwenyewe akatoka akamletea stuli ya karani.

"Shemeji," Patrick alisema, akijitahidi kuchangamka, "leo sikupi nafasi ya kuninawisha."

Hakuna aliyecheka.

"Nitasaini," Mwanaasha alisema. "Lakini si kwa wawili kwa mmoja. Tutakwenda Mnara sisi wawili, mimi na Kristina. Kazi ya kudumu kwa kila mmoja, si kibarua, na chumba kimoja tutakaa pamoja. Nanyi mtaipa Kamba Collins peke yake."

Mwinjuma akanyanyua kichwa. Alikuwa ameshapanga timu kichwani, Collins chini ya kikapu na yule mchezeshaji mpya akimlisha mipira. Mwanaasha aliona jinsi ule mpango ulivyombomokea usoni, na moyo wake haukufurahi kama alivyotegemea.

"Shemeji, mimi nilikuja kuchukua mfungaji," Patrick alisema. "Mchezeshaji ninaye."

"Unaye. Tulipocheza kwenu, wafungaji wako walisimama na mikono juu mpaka wakachoka. Mpira haukuwafikia."

"Ilikuwa siku mbaya."

"Sawa. Basi tuachane. Mwezi ukiisha nitakuwa huru. Labda nitakuja kwako, labda nitakwenda kwa majirani zako wa Temeke, walionisalimia siku ile baada ya mechi. Hapo huyu hutampata, mimi hutanipata, na kocha hatampata Collins. Tutakuwa tumekosa wote."

Feni ilizunguka. Mwanaasha aliikalia mikono yake. Hakuwa amesalimiwa na mtu wa Temeke zaidi ya shikamoo ya mpita njia. Aliogopa kwamba Patrick atauliza ni nani huyo.

Patrick hakuuliza. Alimgeukia Shiraz. "Wewe unasemaje? Wewe unapata mmoja badala ya wawili."

"Mimi niliomba senta," Shiraz alisema. "Collins si senta?"

"Kocha?"

Wote wakamtazama Mwinjuma. Hapo ndipo angeweza kuvuruga. Angeweza kusema hapana, wawili au hakuna, na Patrick angepata upenyo. Vidole vyake vilichora kitu juu ya goti lake, mistari ya watu watano uwanjani, wanne, watano tena.

"Salimu atachezesha kutoka nyuma," alisema hatimaye. "Hawezi kuruka, lakini anaona. Tutajaribu." Kisha, bila kumtazama mtu yeyote, "Kristina ni mchezeshaji mzuri. Mchukue, Patrick. Hutajuta."

Patrick aliomba simu, akaongea na Dar kwa sauti ya chini, akarudi akisugua paji la uso. Wakasaini. Mwanaasha alisaini jina lake lote, na la baba yake, na la babu yake, akabonyeza kalamu mpaka karatasi ikaacha alama mezani.

Walipotoka, Kristina alimkumbatia uani, mbele ya mafundi wa grisi. Mwinjuma alipita pembeni yao akielekea stoo. Alisita, kama anataka kusema neno, kisha akaendelea na safari yake.

*

Mwanaasha aliondoka na Kristina kabla mwezi haujaisha. Mosi alibaki Bigwa kwa bibi yake, mpaka shule ipatikane Dar. Kazi ya Mnara ilikuwa kuhesabu magunia bandarini, juani, na chumba chao Keko kilivuja upande mmoja. Lakini mpira ulichezwa. Kristina alimlisha pasi Mwanaasha kana kwamba wako kwao, na watu wa Dar wakajifunza majina yao.

Morogoro nako Collins alifika, akagonga kichwa kwenye vizingiti vya nyumba zote za Mafiga, akacheza. Salimu alichezesha kwa goti lililofungwa kitambaa. Kamba waliingia mbili bora kwa kikapu kimoja cha dakika ya mwisho. Fatuma alimtumia Mwanaasha salamu na unga wa mhogo kwa mtu wa basi. Mwinjuma alituma barua fupi, za habari za mtoto na za timu. Kuhusu wao wawili hakuandika kitu, naye Mwanaasha hakuandika.

Januari, Jumapili moja, Mwinjuma alikuja mwenyewe, amemshika Mosi mkono. Mwanaasha alikuwa amemaliza mazoezi, amekaa kwenye benchi la uwanja akifungua viatu. Mtoto alimrukia shingoni. Kristina akamchukua Mosi kwenda kumnunulia ubuyu, na mume na mke wakabaki. Alikuwa amekonda. Alisimama.

"Shiraz anairudisha timu ya wanawake," alisema. "Wafadhili wa ligi wametoa sharti jipya, kila klabu iwe na timu zote mbili. Anakutaka urudi. Nahodha. Kazi ofisini, si kwenye mashine. Patrick ataridhika, kuna kijana wetu anamtaka."

"Kwa hiyo mmeshaongea na Patrick."

"Hapana." Alilisema haraka. "Shiraz alitaka nimpigie kwanza. Nikakataa. Nikamwambia nitaanzia huku. Sijaongea na mtu mwingine yeyote." Akamtazama mkewe. "Nakuuliza, Mama Mosi. Unataka kurudi?"

Watoto wa mtaani walikuwa wameuvamia uwanja, wanarusha mpira usiofika kikapuni. Mwanaasha aliwatazama. Kwa miezi mingi alikuwa ameyangoja maneno hayo, akidhani kwamba siku atakayoulizwa, hasira itakwisha na jibu litakuwa ndiyo. Sasa ameulizwa. Hasira ilikuwa imekwisha kweli, ama imepungua kiasi cha kuweza kuishi nayo. Lakini alipolitafuta lile ndiyo, hakuliona.

"Hapana," alisema.

Mwinjuma aliinamisha kichwa polepole.

"Nimempatia Mosi shule hapa," Mwanaasha aliendelea. "Mama anajua. Anaanza wiki ijayo. Napenda tunavyocheza hapa. Kule nitakuwa nahodha mpaka bei ya kamba ishuke tena, halafu tutafungwa tena. Na Baba Mosi, bado sijawa tayari kufundishwa na wewe."

"Na kuwa mke wangu?"

"Hilo hukuniuliza."

"Naogopa kuliuliza leo."

"Usiliulize leo."

Mpira ulidunda ukaja miguuni pa Mwinjuma, akauokota, akawarudishia watoto.

"Shiraz nitamwambia nini?"

"Mwambie uliniuliza, nikakataa."

"Hatanielewa."

"Wewe umenielewa?"

Mwinjuma alifungua mdomo kujibu upesi, akaufunga. Mwanaasha alimwona akilifikiria swali lile kwa dhati, kama alivyozoea kuifikiria timu.

"Nimekuelewa," alisema. "Linaniuma, lakini nimekuelewa."

Mwanaasha alichukua begi lake lililokuwa juu ya benchi, akaliweka chini.

"Kaa," alisema. "Umesimama tangu umefika, na gari la kurudi ni la jioni."

Mwinjuma akakaa.